Nusu Inchi

Ufa niliuona kwa ukucha, si kwa jicho:
unywele mmoja chini ya shingo ya foko,
pale chuma kilipounganishwa na chuma
na aliyechomelea alikuwa na haraka ya kwenda kula.
Ilikuwa Oktoba, Sheboygan,
baada ya reli ya kiwanda cha viti.
Baiskeli iliruka, ikatua, ikaguna,
nami nikaisukuma maili mbili hadi nyumbani,
injini imenyamaza ndani ya fremu
kama mgeni aliyegundua kuwa hapikiwi.

Haya, chagua.
Katalogi mezani, kahawa inapoa.
Hii hapa inang'aa hata bei yake inajificha:
springi mbili, kromu, urembo wa sinia la harusi.
Namjua ndugu yake. Bushi za plastiki,
bolti laini kama jibini,
na breki haina hata sikio la kushikia.
Baiskeli ya miguu husamehe.
Yangu ina injini niliyoing'oa kwenye pampu ya maji;
ikifika maili thelathini kwa saa
haiulizi kama ulinunua kwa kubana matumizi,
na meno yako ndiyo hutangulia kufika.

Ile nyingine yatoka kwa fundi mmoja wa Ohio:
chuma cheusi, kizito, hakina cha kujisifia,
viungo vyake vimelala juu ya shaba.
Bei yake ni gesi ya kupasha nyumba moto
Januari nzima, na nusu ya Februari.

Nikafunga katalogi. Nikaifungua. Nikaifunga.

Januari, Bernadette Voskuil akabisha,
theluji mabegani, mikononi
foko ya Orrin imeviringishwa kwa taulo la kuogelea.
"Ya mwaka hamsini na tatu," akasema.
"Yeye haihitaji tena."
Orrin, aliyenikopesha kila kitu
isipokuwa spana yake namba kumi na tatu.
Springi moja tu, nene, mbele,
na rangi ya kijani ambayo sasa hakuna kiwanda kinachoichanganya.
Nilisema asante mara tatu, kama mtu anayedaiwa.

Ikagoma.
Shingo yake fupi, fremu yangu ndefu,
nati ya juu ikashika nyuzi mbili basi.
Nyuzi mbili hushikilia picha ukutani,
hazishikilii mtu.
Nusu inchi. Nilipima kwa kalipa, nikapima kwa rula,
nikapima kwa kidole gumba, nikitafuta chombo cha kunidanganya.
Wahenga walisema hisani haiozi;
juu ya hisani kutokutosha, walikaa kimya.
Usiku wa tatu nilishika msumeno,
nikaweka meno yake kwenye fremu, nikavuta mara moja.
Mkwaruzo ule upo hadi leo.
Kisha nikapiga simu Ohio.

Machi, barafu ziwani ikipasuka kwa vishindo,
sanduku likafika.
Gololi, grisi, nati. Nyuzi nilizihesabu:
kumi na moja, zote zimeuma.

Bernadette akapita na mbwa wake,
akasimama mlangoni mwa gereji.
Akaitazama baiskeli. Akautazama ukuta,
foko ya kijani juu ya misumari miwili.
Nikaanza, "Bernadette, unajua, ilikuwa..."
"Fupi," akasema. "Nusu inchi.
Alikuja kuijaribu ulipolazwa kwa ajili ya goti.
Alitaka kukushtukiza.
Alirudi amenuna, supu hakuigusa."

Mbwa akanusa tairi jipya.

"Sasa uliniletea ya nini?"
"Jumamosi nauza vyote vya gerejini," akasema,
akivuta kamba ya mbwa.
"Ile haikuwa yangu kuiuza."
Akatia mkono kwenye koti, akaacha juu ya meza
spana, namba kumi na tatu.

Jioni niliivuka reli ile.
Springi ziliinama, zikainuka, hazikulalamika.
Nilivuka polepole
kuliko foko ilivyohitaji.