Ngazi ya Kushukia Mtoni

Nilirudi Mlowa Jumanne, katikati ya vumbi la Agosti,
begi bado lina kibandiko cha uwanja wa ndege
na soksi nene nilizoazimwa nikasahau kurudisha.
Mama mkubwa Sechelela hakuuliza habari za safari.
Alinipa ndoo. "Twende, utanisimulia tukichota."

Basi nikamsimulia tukiteremka korongo:
kwamba kozi ya pampu ilikuwa ya wiki mbili,
kwamba Jumapili walitupakia kwenye treni yenye meno
inayopanda mlima kama kinyonga, inajifikiria kila hatua,
hadi mahali ambapo miti inakata tamaa,
kisha nyasi, kisha hata mawe yamevaa nyeupe.
Kwamba nilisimama ukingoni nikaona mto
mpana kuliko majaruba ya Bahi yakifurika,
umekuja na mawimbi yake, umepinda kona mbili,
halafu ukanyamaza.

"Umekauka?"
"Hapana. Umeganda."
"Mto usiochoteka si umekauka?"

Sikuwa na jibu la haraka.
Nikasema: tulivaa viatu vyenye kucha za chuma,
tukafungwa kamba kiunoni kama ndama wa mnadani,
na nikatembea, mama, nikatembea juu ya maji!
Nikangoja ashangae.
Yeye alikwisha kufika katikati ya mto wetu,
peku, mchanga ukimmeza vifundo,
kwato za punda mbele yake, mavi ya mbuzi nyuma.
"Na mimi natembea juu ya nini?"

Kiongozi wetu aliitwa Reto, mzee mwenye pua iliyobabuka.
Alitulaza kifudifudi, sikio kwenye barafu.
Chini, mbali, maji yalikuwa yanaongea
kama wazazi chumba cha pili
wanaojadili ada na hawataki usikie.
Kisha akatupeleka kwenye ngazi.
Alipokuwa kijana, alisema, ilikuwa na vipago vitatu,
unaruka tu. Sasa vinapita mia nne.
Kila mwaka wanaongeza, maana mto unashuka
na kuwaacha watu ukutani.
Kwenye mwamba wamepaka miaka kwa rangi nyekundu.
Mwaka niliozaliwa ulikuwa juu huko, juu kama mnara wa simu;
ilinibidi nishike kofia nikiusoma.
Kipande kimoja wamekifunika kwa blanketi jeupe,
ekari nzima ya blanketi.

"Blanketi? Ili lipate joto?"
"Ili lisipate."
Hapo ndipo alipocheka, mpaka ndoo ikamtoka kichwani.

Kisha tukafika. Aliondoa miiba
anayoifunikia kisima chake ng'ombe wasikanyage,
tawi baada ya tawi, bila kuchomwa, mazoea ya miaka.
Juni maji yalikuwa kiunoni. Julai, kifuani.
Sasa kulikuwa na ngazi ya mkambala
aliyoigonga Nyemo, mjukuu wake, kwa misumari ya kuokoteza.
Alishuka akihesabu kwa sauti, nami juu nikimwangazia kwa simu:
"...sita, saba, nane."
Kimya.
"Mwaka jana vilikuwa vitano."

Nilikuwa na maneno. Nimefundishwa maneno:
kina, ujazo, kiwango cha mchujo.
Yalinikaa mdomoni kama mchanga.

Sauti yake ilipanda kutoka shimoni:
"Huyo Reto, ana watoto?"
"Wawili. Wako mjini."
"Ehe."
Kata ikakwangua, ikangoja, ikakwangua tena.
Maji yalijikusanya polepole, kama mtu anayekumbuka deni.
"Ngazi yake ya nini?"
"Chuma."
"Mwambie chuma kinaliwa na kutu. Atafute mkambala.
Hata mchwa wanauheshimu."

Usiku, nyuma ya tembe, penye mtandao kidogo,
nilimwandikia Reto maneno yale, yote, hadi ya mchwa.
Ujumbe ukabaki na tiki moja.
Ndani, Sechelela alikuwa bado anacheka gizani:
blanketi,
blanketi, jamani,
na jua lote hili.