Kunde Kumi na Moja

Ramani hii niliiokoa shuleni walipotaka kuichoma,
Ujerumani bado mbili, moja pinki, moja njano,
kona ya kusini imeliwa na mende.
Nimeitandaza mezani, Tabata Kimanga,
nikaikandamiza kwa kopo la chumvi, miwani na rimoti,
kisha nikachota kunde kwenye ungo wa Asumpta
nikaanza kusafiri.

Frankfurt, ndege itakapotua.
Mainz. Koblenz, Mosel unapoingia Rhine.
Bonn, maana sauti ya Bonn niliisikia redioni tangu sina ndevu.
Duisburg, kwa ajili ya makaa, chuma na matishari.
Hamburg. Msitu Mweusi. Munich. Dresden.
Leipzig, sijui kwa nini.
Berlin.

Siku saba, kunde kumi na moja.

Asumpta akafuta mikono kwenye kanga.
Miaka thelathini alihesabu katoni bohari ya dawa,
haikupotea hata bandeji.
"Hii ya kwanza si siku," akasema, "ni miguu iliyovimba.
Na ya saba ni foleni ya uwanja wa ndege.
Umebaki na tano, Mwalimu.
Tano, na goti langu la kushoto."

Akaondoa Hamburg. Munich hakuiuliza hata jina.
Leipzig aliipuliza, ikadondoka chini ya kabati.
"Ukibadili kitanda kila usiku,
utakachokwenda kuona ni vitanda."

Berlin nikaifunika kwa kiganja.
"Hapa ndipo walipokaa na rula wakatukata."
"Walikaa siku ngapi?"
"Zaidi ya mia."
"Wewe una tano. Toa mkono."

Miaka ishirini na sita nimeufundisha mto ule
kwa chaki, upepo wa feni ukinirudishia vumbi usoni:
unaanzia wapi, unamwaga wapi, unabeba nini,
toa sababu tano, eleza.
Siku moja Tumsifu, dawati la nyuma, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, maji yake yana rangi gani?"
Nikamwambia achore ramani, asisahau dira na ufunguo.
Akachora. Mto akaupaka buluu.
Nikampa tisa kati ya kumi,
na ile moja sijajua hadi leo nilimkatia nini.

Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa tochi ya simu.

Mainz usiku mbili, Koblenz mbili, Bonn mbili.
Treni zote za saa moja, au pungufu,
za watu wenye magoti.
Duisburg twende asubuhi, turudi jioni,
mabegi yabaki Bonn.
Jumanne miadi ya viza: taarifa ya benki, bima,
picha yenye mandhari meupe, usicheke.
Pale wanapotaka kujua kitakachoturudisha nyumbani
Asumpta akaandika: nyumba, kuku, wajukuu wanne.
Akafuta kuku.
Akawaza kidogo. Akawarudisha.

"Na siku ya nne?" nikauliza. Ameiacha tupu.
"Ndiyo hiyo."
"Haiwezi kuwa tupu, mama. Nauli yote ile!"
"Siku ya nne unakaa kwenye benchi. Unautazama mto wako.
Mimi nitakuwa pembeni, nimevua viatu."

Sikuwa na jibu. Mafao yangu yote
yamepigwa hesabu hadi chupa ya maji,
na katikati yake kuna benchi.

Akakusanya kunde zilizoachwa, akazirudisha unguni,
zikachanganyika na wenzake.
Usiku ule tulizila kwa nazi na wali uliobaki mchana,
nikitafuna polepole,
nisijue ni ipi iliyokuwa Berlin.