Safu ya Sababu

Kwenye rejesta ya kliniki ya presha, Maziwa Ng'ombe,
safu ya sababu ina upana wa kidole cha mtoto.
Neno linaloenea humo ni moja: mtoro.
Nimeliandika miaka minne kwa kalamu ya serikali,
mbele ya jina la Mize Shaame, mbele ya Time Faki,
mbele ya wanawake walionibeba mgongoni,
wala sikuona haya.

Jumatano moja benchi hujaa, wengine wakakalia ndoo.
Jumatano ya pili
mimi na kipimo tunatazamana.

Wakubwa walikuja na gari kutoka Wete,
wakafunua, wakatikisa vichwa, wakaandika: uelewa mdogo.
Wakatuachia mabango kumi na mawili,
moyo mwekundu unaocheka.

Time alikuwa haelewi nini?
Yeye aliyenifundisha hesabu kwa pishi za karafuu,
asiyesahau deni la mtu hata la kibaba?
Walipomleta, mdomo umekwenda upande,
mkono wa kulia umelala pajani kama wa kuazima,
na kwenye pindo la kanga, kadi,
imekunjwa vizuri, haina hata doa.

Ndipo nikanunua daftari.
Usiku, kwa tochi ya simu, nikanakili tarehe zote tupu
kutoka kalenda ya msikitini, yenye tarehe mbili mbili,
ya Kizungu kubwa, ya Kiislamu ndogo chini yake.
Nikazipanga kwa mvua. Kwa mfungo. Kwa harusi.
Zikaninunia.

Mama akapita na birika, akasoma begani kwangu.
"Mbona waandika bamvua?"
"Naandika Jumatano, mama."
"Mwezi mosi, pili, tatu. Kumi na tano, kumi na sita.
Bamvua hiyo. Saa nne bahari ishatoka, sie twenda mwani.
Wewe ada yako ya skuli wadhani ilitoka wapi?"

Sikulala.
Lakini neno la mama, hata likiwa kweli, si ushahidi.
Miezi sita nikashuka ufukweni kila bamvua,
kipimo ndani ya mfuko wa plastiki,
nikahesabu waliokuwa wameinama baina ya vigingi
wakifunga mbegu kwenye kamba, vidole vimechanika kwa chumvi.
Thelathini na mmoja. Ishirini na watatu ni watoro wangu.
Nikawapima palepale, mikono imelowa,
na mmoja, mia na tisini juu, amesimama majini,
akanambia: "Nesi, mpime na pweza yule, naye ana presha."

Barua ya kwanza haikujibiwa.
Ya pili ikajibiwa: ratiba ya wilaya haifuati mwezi.
Ya tatu niliambatanisha daftari zima,
ikarudi na neno moja kwa penseli: jaribu.

Sasa kliniki ni siku za maji mafu.
Siandiki tarehe peke yake kwenye kadi;
naandika na maji.
Kati ya arubaini na wanane, wamekuja thelathini na tisa.
Tisa bado.
Mmoja mumewe hataki.
Mmoja vidonge vinamwamsha usiku kwenda chooni,
na choo kiko mbali, na kuna giza.
Saba, sijui.

Nimechukua rula nikaipanua ile safu;
imekula nafasi ya saini ya mkubwa.

Time huletwa na mwanawe, kwa toroli la mchanga
lililotandikwa jamvi.
Namfunga kipimo mkono wa kushoto, nabonyeza pampu,
naye, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, ananihesabia:
moja, mbili, tatu,
polepole,
na mpaka leo hajakosea.