Wanyama Hawaruhusiwi

Vyumba saba, mabafu matano, pale Al-Khodh,
na ngazi ambayo goti langu la kushoto
halisemezani nayo tangu mwaka juzi.
Marehemu Zaharani aliijenga kwa mkopo.
Mafuta yameshuka bei, watu wameshika vichwa,
yeye anapima kiwanja kwa hatua:
"Hapa watalala wajukuu."
Wajukuu wanalala Abu Dhabi na Manchesta.
Vyumbani mwao imelala cherehani,
na mazulia yaliyoviringishwa kama maiti.

Binti yangu Raiya kaja na karatasi za rangi.
Nyekundu, cha kuuzwa. Njano, cha sadaka.
Kijani, cha kwenda nacho fletini, Mawaleh,
ghorofa ya nne, vyumba viwili, sebule kama kiganja.
Za kijani kanikatia kumi na mbili tu.
Kumi na mbili, kwa miaka thelathini na minane!

Sufuria la harusi, lile la kuingia mtu mzima: njano.
Matakia ya majlisi: njano.
Friji la nyama ya Idi, linalonguruma
hata likiwa tupu: nyekundu, na haraka.
Kitanda.
Nilikaa ukingoni, upande wake, pale palipobonyea.
Raiya kasimama, karatasi mkononi,
hakuuliza rangi.
Tukaenda kunywa chai.

Mdimu wa uani haubandikwi karatasi.
Nilizichuma ndimu zote, changa na pevu, kama mwizi,
nikatia achari, chupa tisa.

Wakala akanisomea mkataba kwa Kiarabu cha ofisini.
Kifungu cha kumi na nne: wanyama hawaruhusiwi.
"Nina mbuzi," nikamwambia.
Akaweka kalamu chini.
Nami nikacheka mpaka ushungi ukanivuka,
peke yangu, kwani utamu ule ni wa kwetu:
mbuzi wangu ana kwato, mbuzi yangu ina meno;
mbuzi wangu hula, mbuzi yangu hulisha.
Haya, jaribu kulisema hilo kwa Kiarabu.

Mama alinifungia kwenye kanga, Wete,
nina miaka kumi na tisa na sanduku moja.
"Huko hakuna minazi," akasema,
"lakini nenda nayo."
"Mama," kasema Raiya, "siku hizi tui liko koponi."
Sikumjibu.
Usiku nilichukua mkasi na boksi la majani ya chai,
nikakata karatasi ya kijani ya kumi na tatu.

Usiku wa tatu fletini usingizi ulinikimbia.
Huku kila kitu ni jirani:
nashusha mguu kitandani, nakanyaga jikoni.
Nikavunja nazi, nikaikalia mbuzi yangu,
kwaru, kwaru, kwaru.
Mlango ukagongwa.
Nikasema moyoni, haya, kifungu cha kumi na nne hicho.

Alikuwa mwanamke mwenye nguo za hospitali,
Lisi, wa chini yangu, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake cha kuokoteza.
Hakulalamika. Aliitazama mbuzi,
akatazama kifuu, akajiziba mdomo.
Kwa mikono akanieleza: mamake, jiko la moshi,
meno ya chuma kama haya haya.
Nikampisha.
Akakaa kama aliyezaliwa juu yake,
akakuna kifuu cha pili mpaka kikang'aa.

Kule Al-Khodh, miaka yote,
nilikuna nyuma ya kuta tatu,
na sauti haikumfikia mtu.

Asubuhi Raiya kapiga simu. Umezoea, Mama?
Umepata pa kuweka vitu? Na ile mbuzi,
imeenea kabatini?
"Mbuzi hayupo," nikamwambia.
"Kashuka malishoni, ghorofa ya tatu.
Atarudi Ijumaa."