Nimelipwa Mara Mbili

Mimi huandika kuta. Usiniite msanii.
Nimeandika SALONI, nimeandika DAWA ZA KUKU,
nimechora jino moja kubwa kwa daktari wa Kadutu
na simba aliyetoka kama mbuzi; wakalipa vilevile.

Mwezi wa pili Mama Nsimire aliniita butikeni,
pale barabara inaposhuka kuelekea Nyawera,
akasema: Nataka ukuta utakaosimamisha pikipiki.
Nikauliza: Nimchore nani?
Akanyoosha mkasi, hakunyoosha kidole:
Mchore Cirhuza.

Cirhuza ndiye mkata nguo wake.
Tangu sanamu la dirishani livunjike shingo
yeye ndiye sanamu. Gauni likishonwa
analivaa juu ya suruali, anapanda kwenye stuli,
na wanawake, vikapu magotini, wanaamrisha:
Geuka tuone mgongo. Inua mkono. Hapo kiunoni, punguza.
Miaka minne. Hakuna aliyeona ajabu.
Mke wa mchungaji mwenyewe alimwambia siku moja:
Rangi ya kahawa inakupenda wewe kuliko mimi.

Basi nilimchora. Kikwembe cha ndege wa buluu,
mabega wazi. Ndevu zake chache sikuziondoa,
maana hakuniomba.
Alikuja kutazama rangi ikiwa bado mbichi,
akasimama muda, mikono nyuma,
akasema tu: Umenipa shingo ndefu.
Chini nikaandika, kwa herufi za manjano:
NGUO IKIKUKAA, IMEKUKAA.

Siku tatu.
Ya kwanza walicheka. Ya pili walipiga picha.
Ya tatu mtu alirusha tope
likampata Cirhuza wa ukutani mdomoni.
Wakafuata akina mama wa likelemba,
wale walioagiza sare arobaini za tarehe nane ya tatu:
walikuja wote, hata wagonjwa, kudai arbuni yao.
Mwenye daftari akasema: Watoto wetu wanapita hapa.
Mwingine: Duka ni la wanawake, ndevu za nini?
Mwingine: Huyu ni mwanaume ao ni mwanamke?
Yule yule wa hapo kiunoni, punguza.
Nilikuwepo. Nilikuwa ninakula ndizi.
Sikusema neno; hilo nalo liwekwe kwenye hesabu.

Mama Nsimire alirudisha dola moja moja.
Zilizochanika pembeni walizikataa,
akazipokea, akatafuta nyingine.
Mkono haukutetemeka. Sauti ndiyo.
Jioni akaniita tena:
Funika.
Nikamtajia bei. Ilizidi ile ya kwanza,
maana kufuta kunakula rangi kuliko kuchora.
Hakubishana, na Mama Nsimire
hubishana hata na bei ya chumvi.

Nilianza na maneno. Nikafuata ndege.
Uso niliuacha mwisho, kwa uvivu ao kwa aibu,
na aliyenishikia ngazi ni Cirhuza.
Akauliza: Ile shingo uliipima wapi?
Nikasema: Niliikisia.
Akasema: Ulikisia vizuri.
Halafu: Pitisha tena hapo kwenye sikio, bado linaonekana.

Sasa ukuta ni mweupe. Duka lina sanamu jipya,
la plastiki, halina kichwa, halina mikono,
na hakuna anayeliuliza ni nani.
Cirhuza anakatia nyuma ya pazia.
Akina mama wamerudi, si wote,
mwenye daftari alirudi wa kwanza.
Juzi nilipita na kopo langu la rangi
nikamsikia, sauti ya chini, kama mtu anayekopa:
Ebu ivae kidogo, tuone inavyoanguka.

Kisha stuli ikaburutwa.