Daftari la Nicanora

Hapa El Alto baridi haibishi hodi.
Inaingilia visiginoni, inapanda,
inahamia kwenye goti langu la kushoto
kama mpangaji asiyelipa.
Saa tisa usiku. Nimesimama tangu saa mbili.
Ng'ambo ya barabara mlinzi wa benki
ana kiti, koti la sufu, na bima.
Huwa tunasalimiana. Kazi yetu ni moja:
kusimama, na kupima
nani anakuja, na nia gani.

Kila Jumanne, kliniki, wananitoa damu.
Karani anaita jina nililolizika
nilipotimiza miaka kumi na tisa,
analiita mara tatu, kwa sauti,
mpaka benchi zima linageuka.
(Lugha yetu humpasua mtu vipande viwili
kabla hata ya salamu.)
Damu safi. Muhuri. Nenda.
"Na goti?"
"Goti si kitengo chetu."
Na usingizi, je? Na homoni ninazonunua
kwa muuza vipodozi, chupa haina lebo?
Na yule wa gari jeupe
aliyemshusha Briseida barabarani
na mbavu mbili zilizovunjika?
Lakini mlango ulishafungwa,
na mimi nilikuwa naongea na kitasa.

Nicanora ana miaka hamsini na minane.
Walianza kumi na wanne. Wamebaki wawili,
na huyo mwenzake hamkumbuki tena.
Siku hizi ana jiko la gesi, beseni la bluu,
na daftari la shule lenye picha ya dubu.
Alfajiri tunapanga viatu mlangoni.
Maji ya moto, chumvi ya mawe;
Wara akitumbukiza mguu wa kwanza
hutukana kwa furaha.

Nicanora anauliza: wapi panauma?
Kisha anaandika. Tarehe. Namba ya gari.
Kikohozi cha Yamileth, wiki ya tatu.
Wara, siku nne hajalala,
anasema hana mawazo, ana mawazo.

Mwaka jana nilimuuliza, ya nini yote haya?
Kazi mbaya si mchezo mwema, akasema.
Mwashi akianguka, kampuni huandika.
"Sisi hatuna kampuni."
Akajigusa kifuani kwa ncha ya kalamu,
akaacha nukta ya wino kwenye sweta.

Leo nimesema: goti.
Akaandika *goti*. Akafikiri. Akaongeza *la kushoto*.
Halafu akasukuma beseni kwa mguu wake mwenyewe,
uliovimba,
ambao hakuna aliyewahi kuuandika.
Nikamwomba kalamu.