Siku ya Maonyesho, Ahero

Viti vya plastiki vimekopwa kanisani.
Kipaza sauti kinakoroma, kinazimika,
mwalimu mkuu anakizaba kofi kama anayeua mbu.

Gredi ya pili wanapanda jukwaani,
masharubu ya makaa, mataji ya maboksi.
Apondi amevaa soksi zangu.

Miezi mitano nawafunza Kiingereza,
mimi, mzaliwa wa Busan,
ambaye ulimi wangu haujawahi kuinasa "r".

Wanaanza shairi la mpunga.
Sauti arobaini, na kila "r"
imelainika ikawa "l",
yangu hasa, ile niliyoificha
tangu chuoni.

Vigelegele.
Mama Apondi ananishika mkono:
"Mwalimu, hicho ndicho Kizungu cha kwenyewe!"

Natazama soksi.
Moja imevaliwa ndani nje.